Jina la Radhia Kwenye Simu za Watu

Radhia aliijua sauti ile kabla hodi ya pili haijapigwa. Alikuwa nyuma ya nyumba ya shangazi yake, Kiomboi, mikono imejaa povu la sabuni, na moyo ulivyomruka sufuria likamponyoka likagonga ndoo. Wiki nzima alikuwa amejiapiza kwamba siku atakayomwona tena Abdillahi atampa mgongo. Sasa siku imefika, mgongo umegoma. Alifuta mikono kwenye kanga, akaweka mtandio vizuri, akajikasirikia kwa kuuweka vizuri, akauvuruga, kisha akauweka vizuri tena.

Barazani, shangazi Mwanabaraka alikuwa anapepeta choroko.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, karibu. Sijakufahamu."

"Naitwa Abdillahi Mkumbo. Natokea Singida mjini."

Ungo ulisimama. Radhia, aliyekuwa amejibanza nyuma ya mlango wa uani, naye aliacha kupumua.

"Ahaa," shangazi alisema polepole. "Wewe ndiye wa kwenye simu."

"Ndiyo mama. Ndiye mimi."

"Mh. Nilidhani utakuwa mrefu."

Kwa ambaye hakuwepo Singida Jumamosi ile inabidi aelezwe, maana waliokuwepo bado wanacheka. Abdillahi alikuwa kijana wa chumba kimoja karibu na stendi, na ndani ya chumba hicho, kwa kompyuta yenye kibodi iliyokosa herufi mbili, alikuwa ametengeneza programu ya simu iitwayo Panga Kikosi. Mchezo wenyewe si mgumu. Kila mtu anajifanya kocha, anachagua wachezaji wake kumi na mmoja kutoka timu za kata, halafu Jumamosi anakodoa macho. Mchezaji wako akifunga, unapata pointi. Akila kadi nyekundu, unakula naye. Hakuna anayeweka hela, na mshindi wa mwezi anapewa jogoo wa kienyeji na kupigwa picha amemkumbatia. Ilianza kwa washikaji wa kijiweni, ikaenda kwa walimu, wauguzi, mafundi cherehani na wapiga debe, hata ikafika watu elfu nne na ushei.

Radhia alimfahamu kwa ugomvi. Alikuwa ameketi uwanjani akimtazama kaka yake Rahimu akidaka, na jioni akaona programu imempa bao mtu ambaye hakufunga. Akamwandikia: *Bao la pili ni la Calist, si la Chediel. Nilikuwepo, nina macho.* Abdillahi akamjibu kwa kumwomba macho hayo Jumamosi ijayo. Tangu hapo kila mechi alikuwa yeye anayemwambia nani kafunga, nani katoa pasi, nani katoka anachechemea. Tena ni Radhia aliyemfumbua kwamba mwezi wa kuvuna alizeti nusu ya wachezaji huwa mashambani kwa baba zao, na kocha wa simuni anabaki na kikosi cha majina matupu. Kwa neno hilo Abdillahi aliongeza wachezaji wa akiba wanaoingia wenyewe pale ambapo mtu hakutokea. Watu walimsifu sana kwa ubunifu huo.

Mapenzi yalipoingia, yalipitia mlango ambao hakuna aliyeulinda. Mzee Ahmadi, baba yake Radhia, ni mfanyabiashara wa mafuta ya alizeti, mtu wa swala tano na maneno machache. Simu ya binti yake ilikaa juu ya kaunta ya duka, na Rahimu aliishika apendavyo. Meseji ya mwanaume ingeonekana mchana kweupe. Lakini arifa ya mpira nani ataijali? Abdillahi, kabla ya kutoa toleo jipya la programu, alikuwa na desturi ya kutuma arifa ya majaribio kwa simu moja tu, na simu hiyo ikawa ya Radhia. *Jaribio.* Ndivyo ilivyoanza. Halafu: *Jaribio. Umekula?* Naye Radhia, kwa kuwa arifa haina pa kujibia, alibadilisha jina la timu yake kwenye msimamo. Akaitwa Nimekula FC. Siku nyingine Subiri Jumatano FC. Siku nyingine, baada ya kununiana, Sina La Kusema FC. Mji mzima uliyasoma majina hayo na hakuna aliyeelewa.

Basi Jumamosi ile Abdillahi alikuwa ameihamishia programu yake kwenye seva mpya, yenye kasi zaidi, ili watu wa vijijini wenye mtandao wa kusuasua wasisubiri. Alihamisha kila kitu. Kilichobaki nyuma ni kikundi cha majaribio, kile chenye mtu mmoja. Seva mpya ilipoambiwa ipeleke arifa kwa kikundi na isikione, ikafanya inavyojua. Ikampelekea kila mtu.

*Jaribio. Radhia, ule mtandio wa zambarau usiuvae tena ukipita stendi. Nimeshindwa kuandika hata mstari mmoja. Nakupenda, na kazi imenishinda.*

Simu zililia uwanjani, zikalia sokoni, zikalia saluni. Muuza nyama wa jirani aliisoma kwa sauti akiwa ameshika panga. Akina Radhia wapo wengi Singida, lakini Radhia wa mtandio wa zambarau alikuwa mmoja, na wakati huo, kabla ya mechi, alikuwa ameuvaa, amesimama kaunta, anampimia mteja mafuta. Mzee Ahmadi hakuwa na simu ya kisasa. Mteja ndiye aliyemsomea, pole pole, kama anayesoma tangazo la msiba, na alipofika kwenye rangi akainua macho.

Kesho yake Radhia alipandishwa basi la Kiomboi.

"Radhia!" shangazi aliita sasa. "Njoo. Una mgeni."

Alitoka. Abdillahi alisimama. Alikuwa amekonda, shati limejaa vumbi la safari, na chini ya jicho la kushoto palikuwa na uvimbe unaoanza kupoa. Radhia alikuwa amejiandalia uso wa jiwe, lakini uvimbe ule haukuwemo kwenye maandalizi.

"Kaeni hapo," shangazi alisema, akionyesha mkeka hatua chache kutoka kwake. "Nikiwaona natosheka. Mimi nina choroko zangu, sisikii kitu."

Akapepeta. Lakini palipokuwa na la kusikia, ungo ulinyamaza, na hao wawili walikuja kujua hivyo mapema.

"Umefuata nini?" Radhia aliuliza.

"Nimekuja kukuomba msamaha."

"Ungetuma arifa."

Abdillahi aliinamisha kichwa. "Nimestahili."

"Hujastahili hata robo. Unajua wananiitaje? Rafiki yangu Stumai kanipigia kwa simu ya shangazi, anasema hata watoto wa chekechea wanapita dukani wanasema zambarau. Baba yangu, Abdi! Baba yangu hasemi. Anapanga madumu. Ameyapanga, ameyapangua. Mama anasema hali chakula."

"Nilimwona."

"Nani?"

"Baba yako. Nilikwenda dukani Jumatatu."

Ungo kimya. Radhia alimtazama kwa mara ya kwanza sawasawa.

"Ulikwenda mwenyewe?"

"Mwenyewe. Nikamsalimia, akaitikia. Hakunitukana. Angenitukana ningepumua. Akasema hivi: simu zilizolia kwa jina la binti yangu, ndizo hizo hizo zilie tena, ziambiwe yalikuwa maneno ya majaribio, hakuna mtu. Nifanye kabla ya mechi ya Jumamosi hii. Nisipofanya, nisikanyage mlango wake maisha yangu yote."

"Na ukifanya?"

"Nikifanya, wewe unarudi nyumbani, jina lako safi. Nikamuuliza, na mimi je, mzee? Akaniambia, 'Kijana, ukishawatangazia watu kwamba huyo mtu hayupo, usije tena ukamtafuta.'"

Upepo wa Kiomboi ulipita uani ukainua kona ya mkeka. Radhia aliikanyaga kwa mguu. Alimjua baba yake. Neno lake halina mlango wa nyuma.

"Kwa hiyo umeamua nini?"

"Nimeandika. Sijatuma." Alitoa simu mfukoni, akampa. "Soma. Ukisema tuma, natuma hapa hapa mbele yako."

Radhia alisoma. *Ndugu makocha, ujumbe wa Jumamosi iliyopita yalikuwa maneno ya majaribio ya mitambo. Hakuna mtu anayeitwa Radhia. Samahani kwa usumbufu.*

Alisoma tena. Machozi yalimfika hadi ukingoni, akayazuia kwa hasira.

"Usumbufu," alisema. "Mimi ndiye usumbufu?"

"Radhia, ni lugha tu ya..."

"Umeniandika kwamba sipo."

"Kwa ajili yako! Unadhani napenda? Nimekaa siku tatu naangalia hicho kitufe. Kukibonyeza ni kukukosa. Kutokibonyeza ni kukuacha wewe uchekwe mji mzima kwa kosa langu. Nichague lipi?"

"Ndiyo hayo hayo. Nichague lipi. Wewe, peke yako." Alikuwa ameshafungua programu kwenye simu ile ile, kidole kinakwenda mahali anapopajua. "Haya, nisomee hapa."

Abdillahi hakuhitaji kusoma. Ulikuwa ukurasa wa maelezo, chini kabisa, maneno aliyoyaandika kwa fahari usiku alioimaliza.

"Imetengenezwa na mtu mmoja, Singida," Radhia alimsomea. "Mtu mmoja! Nani alikwambia wachezaji wanakwenda kuvuna? Nani alikaa juani Jumamosi zote na mdomo umekauka anahesabu pasi? Kipa akidaka penati apewe pointi, nani alisema? Sikutaka jogoo, Abdi. Sikutaka hata jina. Ila unaandika peke yako, unajaribu peke yako, unatuma peke yako, kila kitu peke yako. Mpaka neno hilo..."

"Neno gani?"

"Nakupenda!" Aliitupa kwa ukali, kama tusi. "Hujawahi kuniambia. Mwaka mzima umekula, umelala, mvua imenyesha huko, haya. Siku unasema neno lenyewe, nalisikia kwa muuza nyama."

Kule kwenye choroko shangazi Mwanabaraka alikohoa kikohozi kisichokuwa cha kifua.

Abdillahi aliukodolea macho ukurasa ule wa maelezo. Alikuwa na tabia hiyo, ya kukodoa macho akitafuta kasoro iko wapi, na zamani Radhia aliipenda.

"Ni kweli," alisema hatimaye. "Nilikuwa naogopa nikisema kwa mdomo nitakuona uso. Kwenye simu ningeweza kusema lilikuwa jaribio."

Ungamo hilo lilimchoma Radhia kuliko kama angejitetea. Lakini hasira ilikuwa bado na mbio, haikusimama.

"Na leo umepita Misigiri," alisema.

"Basi linapita pale."

"Ulishuka?"

Abdillahi alitazama pembeni. Misigiri ndiko kwao, ndiko alikokuwa mzee Mkumbo na shamba lake la alizeti na mtama. Mzee alikuwa ameuza mbuzi ili mwanawe asomee ualimu, na mwanawe akafundisha muhula mmoja akaacha, akaenda kujifungia chumbani na mpira wa simu. Baba na mwana hawakugombana. Waliacha tu kupigiana, na kila mmoja alikuwa anangoja mwenzake.

"Sikushuka," alijibu.

"Ukampita baba yako barabarani ukaja kwa shangazi yangu. Kuomba msamaha umekuja peke yako. Kwa baba yangu ulikwenda peke yako. Ulitaka akuone nani, Abdi? Kijana asiye na kwao?"

"Mimi sisikii," shangazi alisema ghafla, na ungo ukawekwa chini, "lakini hapo kwa mzee mtoto kasema kweli."

Wote wawili waligeuka.

"Njoo karibu, baba. Nikuulize. Hayo maneno ya hakuna mtu, ukishayatuma, watu wa Singida watasema nini?"

"Watasahau, mama."

"Hawatasahau. Watasema Ahmadi kamkaba kijana mpaka kamkana msichana. Patakuwa na hadithi mbili badala ya moja, na ya pili mbaya zaidi, maana ya kwanza angalau mtu alipenda. Jina la mtoto wa kike likitoka nje kabla wazee hawajakaa, halirudishwi kwa kuambiwa halipo. Linafuatwa. Wazee wanavaa kanzu zao, wanakwenda, wanakaa, wanasema, tumesikia kijana wetu ametaja jina hapa, tumekuja kumaliza alichoanza vibaya. Basi. Waliocheka watakula pilau."

"Mzee Ahmadi amesema nisikanyage."

"Wewe usikanyage. Hajasema baba yako."

Abdillahi alichuchumaa mbele ya ungo.

"Atampokea?" aliuliza.

"Hapo sijui. Ahmadi ni mdogo wangu, nimembeba mgongoni, lakini kile kichwa hakukitoa kwangu. Tena anaamini umemchafulia mtoto asiyekujua hata kwa sura. Mtu wa namna hiyo hapokelewi, hata akija na ukoo mzima."

Maneno hayo yalianguka palepale alipokaa Radhia. Alihisi masikio yanawaka.

"Abdi," aliita, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Jicho hilo, ni Rahimu?"

"Mpira ulinigonga."

"Hujacheza mpira tangu nikujue. Ni Rahimu?"

"Alikuja chumbani. Ana haki, ni kaka yako."

"Alikuuliza nini?"

"Aliuliza kama na wewe... kama unajibu."

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia hujui lolote. Nikamwambia nakuonaga tu ukipita stendi."

"Na baba?"

Abdillahi alisitasita. "Baba yako aliniambia, 'Nimemuuliza binti yangu, amesema hakujui.' Nikamwambia ni kweli, mzee. Hanijui."

Hakulisema kwa kulaumu, na hilo ndilo lililomvunja Radhia. Jumamosi ile, mlango wa chumba umefungwa, baba yake amesimama na kofia mkononi, aliulizwa swali moja tu: unamjua huyo mtu? Naye, aliyekuwa amekaa mwaka mzima akibadilisha majina ya timu, aliyekuwa akilala na simu chini ya mto, akajibu, simjui. Lilimtoka kirahisi mno. Tangu siku hiyo alikuwa ameshika bango la hasira ili asione lililo nyuma yake. Leo amemsimanga mwanaume kwa kuandika hakuna Radhia, kumbe yeye ndiye wa kwanza kusema hakuna Abdillahi. Na mwanaume alilijua hilo tangu Jumatatu, akapigwa ngumi juu yake, akapanda basi, akaja kuomba msamaha.

"Mbona hukusema?" alinong'ona.

"Ningesema nini?"

"Kwamba nakujua, kwamba ninajibu, kwamba ninajibu kila siku!"

"Ingekusaidia nini wewe?" Abdillahi aliuliza, na aliuliza kwa kutaka kujua hasa. "Mmoja wetu alikuwa ameshaharibika. Sikuona faida ya kuharibika wawili."

Radhia aliitazama mikono yake, iliyokauka kwa sabuni, na akatamani kuuweka mmoja juu ya jicho lile. Lakini shangazi alikuwepo, na heshima ilikuwepo. Aliishia kukunja ncha ya mtandio na kuikunjua.

Basi la mwisho la kurudi lilikuwa linapiga honi stendi ya Kiomboi. Abdillahi alisimama akakung'uta suruali.

"Nisemeje basi, Radhia? Nitume au nisitume?"

"Futa."

"Nikifuta na mzee akakataa, nitakuwa nimekuacha na aibu, na mimi mwenyewe hunipati."

"Nimesikia. Futa. Halafu shuka Misigiri."

Aliiokota simu mkekani, akafuta. Kisha akasogea hatua moja, si zaidi, akamtazama usoni kama mtu anayetazama jua kwa lazima.

"Radhia," alisema kwa mdomo wake, kwa sauti ambayo hata mwenye choroko aliisikia bila kutega sikio. "Nakupenda. Hili si jaribio."

Ungo ulikuwa chini zamani, haukuwa na cha kusimamisha. Radhia aliitikia kwa kichwa, na Abdillahi akaaga kwa heshima zote, akatoka getini haraka kabla miguu haijabadili mawazo.

Shangazi Mwanabaraka alichukua ungo wake. Alipepeta kidogo, akapuliza makapi, akapepeta. Ukimya wa shangazi ni shule.

"Shangazi," Radhia alisema baadaye. "Naomba simu yako."

"Unampigia nani?"

"Baba."

Alitolewa simu kutoka kwenye pindo la kanga, ya moto kwa joto la mwili. Alibonyeza namba anayoijua tangu utoto. Ilipokelewa kwa kelele za dukani: dumu linaburutwa, mteja anauliza bei, muuza nyama anagonga mfupa.

"Dada, shikamoo," Mzee Ahmadi alisema.

"Ni mimi baba. Shikamoo."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo baba. Abdillahi alikuwa hapa."

Dumu liliacha kuburutwa.

"Ametuma hayo maneno?"

"Hajatuma. Ameyafuta. Mimi nimemwambia afute."

"Wewe!"

"Baba, naomba unisikilize, ukinikatiza nitashindwa." Alishika nguzo ya baraza. "Uliniuliza kama namjua, nikakwambia simjui. Namjua. Kila alichoandika nilisoma, na nilikuwa najibu. Alikwambia simjui kwa sababu nilisema mimi, akaona asinifanye mwongo mbele yako. Rahimu kampiga bure. Si yeye aliyekuvunjia heshima peke yake, baba. Ni sisi wawili, na mimi nilijificha."

Alikuwa amemaliza maneno aliyokuwa nayo. Alingoja ngurumo. Kule ng'ambo mteja alirudia swali lake la bei na hakujibiwa.

"Tangu lini?" Mzee Ahmadi aliuliza.

"Mwaka jana. Wakati wa kuvuna."

"Kwa hiyo nimemfukuza mtoto wa mtu mlangoni kwa neno lako."

"Ndiyo baba."

"Naye amesimama pale, anajua kweli ni ipi, ananitazama, anasema ni kweli mzee."

"Ndiyo."

Radhia aliitoa simu sikioni kuangalia kama imekatika. Haikukatika. Alisikia pumzi ya baba yake, nzito, na kwa mara ya kwanza alijua kwamba wiki nzima mzee yule hakuwa amekasirika tu. Alikuwa ameumia, na hakuwa na mtu wa kumwambia.

"Umenidanganya usoni, Radhia," alisema. "Hilo tutaliongea mimi na wewe, na halitakuwa fupi."

"Ndiyo baba."

"Mpe shangazi yako simu."

Radhia alimpa, akakaa palepale kwenye ngazi. Alimsikia shangazi akisema ee, akasema ee tena, akasema kwao ni Misigiri, ndiyo, amekwenda kumfuata, akasema sijui Ahmadi, labda kesho, labda keshokutwa, wazee na safari unawajua. Kisha akasikiliza muda, akacheka kidogo kwa pua. Akaifunika simu kwa kiganja, akageuka.

"Baba yako anauliza, huyo mzee wa Misigiri chai ya tangawizi anakunywa?"

Radhia alimtazama shangazi yake. Machozi aliyoyazuia mchana mzima yalishuka yenyewe, na hakuinua mtandio kuyaficha.

"Sijui, shangazi," alisema. Halafu akapandisha sauti, ili simu isikie, na duka lisikie, na muuza nyama kama ana masikio naye asikie. "Lakini mwanawe hanywi. Tangawizi inamkera koo."